Kiboko wa Kukodi

Ghorofa ya pili, mkabala na soko la Jubilee,
ngazi zanuka omena na vitambaa vipya.
Mama Mideva anafungua mlango kwa goti,
mikononi amebeba kichwa cha sungura.

"Chagua," asema. "Wote wamefuliwa."

Nawatazama wakining'inia kwenye waya:
simba aliyeota upara kwa kuvutwa singa,
dubu, mnyama ambaye ziwa letu halimjui hata kwa jina,
binti mfalme asiye na mtu ndani, kiuno kimeshikwa kwa pini,
mchekeshaji wa pua nyekundu. Huyo hapana.
Mwaka jana kule Migosi aliliza watoto kumi na mmoja
na ajuza mmoja.

Mimi nimetumwa kiboko.

Mwanangu Hawi Jumamosi anatimiza sita.
Tunakaa Dunga, na usiku, taa zikizimwa,
husikia kitu kizito kikitafuna nyasi nyuma ya choo.
Rao, bibi yake humwambia, lala.
Hajawahi kumwona. Hujifunika kichwa, huhesabu
kila mtafuno: kumi na nne, kumi na tano,
na usingizi humkuta hajafika mia.
Nilipomuuliza nani aje kwenye keki yake
hakufikiri. "Huyo wa nyuma ya choo.
Lakini aje mchana."

"Kiboko sina. Nani humwalika kiboko?"
Kisha ananyamaza Mama Mideva, anamgeuza tembo,
anaupima mkonga kwa vidole kama fundi apimaye pindo.
"Huu tukiukunjia ndani. Masikio tuyabane.
Meno nikukatie ya sponji ya godoro.
Ila arubuni ni elfu mbili, na doa moja, nakata."

Mvaaji anaitwa Ayieko. Anapanda kutoka chini
anakobandika vioo vya simu, mwembamba, mpole,
si mtu ungemdhania mnyama.
Haulizi pesa kwanza. Auliza: "Mtoto mwoga?
Kuna mbwa? Kivuli je?"
Mle ndani, asema, ni tanuri la mkate;
aliwahi kuzimia Nyamasaria kabla keki haijakatwa,
watoto wakapiga makofi, wakadhani ni mchezo.
Kwa hiyo: maji na mrija, dakika ishirini,
na mgongoni hapandwi.
"Tena mimi simfuati mtoto. Nakaa chini.
Anayetaka atanijia. Asiyetaka,
naye ni sikukuu yake."

Nakijaribu kichwa. Giza. Pumzi yangu yanirudia.
Kupitia mdomo, dunia nzima ni upana wa kiganja:
kiatu cha Mama Mideva, mguu wa kiti.
Nakivua haraka kuliko nilivyokivaa.

Jumamosi saa nane, jua likichoma mabati,
akaingia langoni, kijivu, tumbo mbele, jino moja likilegea.
Watoto wakatawanyika kama njugu zilizomwagika.
Shangazi Awuor, mtu mzima, akapanda kiti cha plastiki.
Yeye akaketi kivulini mwa tangi la maji,
akatulia, akaanza
kutafuna hewa tu.

Hawi akasimama, akasikiliza.
Akaenda nyuma ya choo, peke yake,
akarudi na konzi ya nyasi, mizizi ikidondosha udongo,
akaiweka hatua tatu kutoka kwa mgeni
na kukimbilia gauni la mama yake.
Kutoka pale aliangalia. Midomo yake ilihesabu.

Keki ililiwa baadaye; rangi yake siikumbuki.

Jumatatu nikalirudisha vazi. Mama Mideva
akakagua meno, akakitikisa kichwa dirishani:
zikaanguka nyasi zilizokauka, na udongo mweusi kidogo.
Akanitazama. Doa ni doa.
"Alizila kweli?" akauliza.
Nikamwambia, zote.

Akavuta droo, akanihesabia elfu mbili,
noti kwa noti, akilamba kidole,
bila kukata hata ya sabuni.